Kisiwa cha Kesho

Tangu Irini anitumie ujumbe kwamba ametua Nairobi na Alhamisi atapanda gari kuja Isiolo, sijakaa kitini nikatulia. Nimeosha mapazia ambayo hayakuwa machafu. Nimesogeza meza ya sebuleni hadi dirishani, nikaona imeziba njia, nikairudisha. Rukia, mke wa mwanangu, amekuwa akinitazama kutoka jikoni, na jana uvumilivu ukamwisha. "Mama, huyo mgeni ni mtu wa serikali?" Nikamwambia ni mtu wa zamani tu, aendelee na vitunguu vyake. Lakini Irini sijamwona tangu tulipokuwa wasichana wawili wa karibu miaka ishirini, na katika ujumbe wake ameandika kwamba ana jambo la shangazi yake ambalo hawezi kulisema kwa simu. Kunieleza mimi kwamba kuna jambo, halafu uniambie nisubiri, ni kunitesa. Nimefanya kazi ya uuguzi maisha yangu yote na wagonjwa walinijua kwa viatu, kwa sababu walinisikia nikija mbio kabla hawajaniona. Mtu wa namna hii ndiye Mungu aliyemchagua kukaa mwaka mzima katika kisiwa ambacho hakuna aliyekuwa na haraka ya kitu chochote.

Shangazi yake Irini ndiye yule ambaye hapa Isiolo tulimwita Mama Yani. Alikuwa Mgiriki. Yeye na mumewe walikuwa na bekari karibu na kwetu, na watu wa umri wangu hapa mjini bado wakikutana huulizana kama wanaukumbuka ule mkate. Jina lake la kwao lilikuwa Anna, lakini huku mwanamke akishazaa jina lake linapumzika, anaitwa kwa mtoto. Mtoto wake, Yani, alikufa kwa malaria kabla hajaanza shule, akazikwa makaburi ya Wakristo nje ya mji, na watu wakaendelea kumwita mama yake Mama Yani vilevile, kwa sababu kwetu kifo hakimnyang'anyi mtu umama wake. Kila Jumapili akishazima tanuri alikwenda na jerikeni ya maji kuumwagilia mwarobaini alioupanda kichwani pa kaburi. Mimi nilikuwa nikimsaidia bekarini baada ya masomo, na mara nyingi jerikeni ilikuwa mkononi mwangu. Mumewe alipofariki, magoti yake nayo yakagoma kwa ile miaka ya kusimama mbele ya moto. Ndipo kaka yake Stavros alipomwita nyumbani kwao, kisiwa cha Ikaria, ambako maji ya moto hutoka mwambani na wazee huenda kuoga maungo yao yapone. Mama Yani akakubali kwenda mwaka mmoja, basi. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na chuo cha uuguzi kimeniambia nije mwaka unaofuata. Akaniomba kwa wazazi wangu, wakamkubalia, na ndivyo tulivyoondoka, kila mmoja na mwaka wake mmoja mkononi.

Bahari nilikuwa sijawahi kuiona. Tuliruka kwa ndege hadi Ugiriki, kisha tukavuka kwa meli kubwa kuanzia asubuhi, nikasimama nje muda wote nikiwa nimeshika chuma, na tuliposhuka nikachovya kidole majini nikaonja. Nikakumbuka namna ng'ombe wa kwetu wanavyoswagwa siku nzima kwenda kulamba chumvi, nikasikitika kwamba chumvi yote ile Mungu ameiweka mahali pasipo na ng'ombe. Stavros alikuwa bandarini. Alikuwa mtu mfupi, mwenye masharubu meupe, na alimkumbatia dada yake akalia hadi nikaona aibu nikageuka. Kisha, badala ya kubeba mizigo twende, akatukalisha kwenye mkahawa tukanywa kahawa mpaka kivuli cha ukuta kikatuhama. Mizigo yetu ilikaa pale sakafuni kama ya watu waliokufa. Nikamuuliza Mama Yani tunangoja nini. "Hatungoji kitu," akanijibu. "Hapa ni hivi. Kaa."

Nyumba ya Stavros ilikuwa ya mawe yaliyopakwa chokaa, na dari ya matete ambayo ilidondosha vumbi kidogo upepo ukipiga, na upepo ulipiga sana. Jikoni kulikuwa na meza ya kitambaa cha plastiki chenye picha za ndimu, na juu ya meza hiyo ndipo kila kitu kilifanyika: maharage yalichambuliwa, mboga za mlimani zilioshwa, jibini ya mbuzi ilikatwa, maneno yalizungumzwa. Siku za nyama walipika mbuzi kwa mvinyo, nami nikala mkate na zeituni na asali, hakuna aliyenisumbua. Mama Yani alitengeneza chai ya maziwa ya mbuzi yenye tangawizi aliyobeba kutoka Isiolo, ndugu zake wakaionja wakasema ni dawa nzuri. Kitu kimoja tu kilinikwaza mezani pale. Mara ya kwanza nilipomwita Mama Yani mbele yao, kijiko cha Stavros kilisimama. Mkewe akaangalia dirishani. Irini, binti yao, alinieleza baadaye kwa Kiingereza chetu cha shule kwamba baba yake hapendi jina la mtoto lisikike, linamuumiza shangazi. Nikamuuliza ni nani aliyesema linamuumiza. Hakujua. Kwa hiyo mbele yao alikuwa Anna, na tukibaki wawili tunaongea Kiswahili chetu, anakuwa Mama Yani tena, na niliona mabega yake yanavyoshuka kila nikimwita, kama mtu aliyevua viatu vinavyobana.

Kila asubuhi nilimpeleka kwenye maji moto. Kulikuwa na nyumba ya kuogea ya mawe karibu na pwani, ndani yake mvuke mzito na harufu ya chuma, na beseni la saruji ambamo wanawake wazee walikaa wamefunga vichwa, maji hadi kidevuni, wakisengenya kijiji kizima. Mimi nilikaa pembeni na dera langu nikimsugua magoti, na kwa kuwasikiliza hao ndipo nilipojifunza Kigiriki, cha umbea kwanza. Baadaye tulitembea polepole, yeye na fimbo yake, hadi ufukweni mahali maji ya moto yanapotokea kati ya mawe na kuingia baharini, mguu mmoja unaungua na mwingine unaganda. Watalii walikuwa wamelala mchangani mchana kutwa. Kwetu jua linakimbiwa, hawa walilipa nauli kulifuata. Neno nililolisikia zaidi kuliko yote lilikuwa siga-siga, yaani polepole. Niliambiwa siga-siga nikipanda ngazi, nikiosha vyombo, hata nikila. Duka la pale kijijini lilifunguliwa mwenyewe akiamka, na hakuna aliyejua ataamka lini. Nimelelewa kwa methali ya haraka haraka haina baraka, lakini kwetu anayekuambia hivyo huwa tayari ameshika njia. Hawa walikuwa wamekaa chini kabisa. Kulikuwa na siku nilizotamani kupiga kelele, na siku moja nilizunguka kijiji mara nyingi kiasi kwamba mama mmoja alitoka na kuniuliza kama nimefiwa.

Mama Yani naye hakuwa ametulia, ila yeye hangaiko lake lilikuwa la kimya. Nilimkuta mara kwa mara amekaa kwenye benchi uani, amegeuza uso upande ambao yeye aliamua ndio Isiolo. "Sasa kule mvua imenyesha ama bado?" aliniuliza. "Nani anaweka maji kwa ule mti?" Nilimwambia mama yangu ameahidi. "Mama yako ako na kazi mingi," alisema. Usiku mmoja mezani alimwambia kaka yake waziwazi, nami nikashika maneno ya kutosha kuelewa, kwamba mwaka ukiisha anarudi kwa mwanawe. Stavros alitafuna mkate kwa muda. Kisha akanyoosha kidole kuelekea kanisa la kijiji, lililojengwa juu ya mwamba, na ngazi zake zinazoshuka hadi uwanjani. Siku utakayopanda zile bila fimbo, alisema, mimi mwenyewe nitakupeleka bandarini. Mama Yani akampa mkono juu ya kitambaa cha ndimu. Kuanzia hapo sikumsugua magoti tena kama msaidizi, nilimsugua kama mtu anayewasha moto kwa kuni mbichi. Kama haponi, haendi, na mimi nitarudi kumwambia nani kwamba nimemwacha?

Miezi ikapita na fimbo haikutoka mkononi. Ndipo likaja jambo la mbuzi. Nilikuwa nimepanda mlimani peke yangu kwa sababu ya kukosa pa kupeleka miguu, nikawakuta mbuzi wametapakaa kwenye majabali, kundi zima, na hakuna mchungaji. Nikaita, hakuna aliyejibu. Nikapanda juu zaidi nikatazama pande zote, hakuna mtu. Sasa, mimi ni Mborana. Kwetu mnyama akionekana bila mchungaji humpiti. Unamchukua, unamnywesha, unamweka kwenye boma lako na kutangaza mpaka mwenyewe apatikane, na kumpita ni sawa na kumpita mtoto aliyepotea njia. Kwa hiyo nikavunja fimbo kwenye kichaka, nikapiga mluzi, nikawakusanya. Walikuwa wakaidi, wanaruka miamba kama hawajawahi kuona binadamu, lakini mbuzi ni mbuzi, ukijua kusimama upande wa juu yake atashuka. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu Nairobi. Niliwapitisha katikati ya kijiji mchana kweupe, na mbele ya mkahawa wale wazee wote wakasimama kwa pamoja, jambo ambalo sikuwahi kuliona kabla. Nikadhani wananipongeza. Nikawaingiza kwenye ua wa Stavros wenye ukuta, nikafunga lango, nikaenda kuchota maji.

Niliporudi na ndoo, maharage yalikuwa yamekwisha, nyanya zimekwisha, na beberu mmoja alikuwa juu ya meza ya nje anashusha mzabibu. Katikati yao alikuwa Mama Yani na ufagio, anawacharaza huku na huku, anawatukana kwa Kiswahili cha soko la mifugo la Isiolo, maneno ambayo sikujua kwamba anayajua. "Toka wewe, mwana wa ibilisi, toka kwa maharage ya watu." Alimfuata beberu hadi ukutani, akageuka, akavuka ua mzima kumfukuza mwingine kwenye mlango wa jikoni. Nilisimama pale na ndoo yangu. Kisha naye akasimama. Akatazama chini miguuni pake.

"Halima," akasema, "fimbo yangu iko wapi?"

"Iko kwa benchi, Mama Yani."

Benchi lilikuwa upande wa pili wa ua. Tukatazamana, na alianza kucheka kwanza yeye, halafu mimi, mpaka tukashikana tusianguke. Mwenye mbuzi alifika kwa mwendo wake wa kisiwa, jirani wa Stavros, na ikajulikana kwamba mbuzi wa pale huishi mlimani wenyewe, hawana mchungaji na hawamhitaji. Nilitaka ardhi inimeze. Lakini mtu yule hakukasirika. Alisema tangu majira ya maua alikuwa amepanga kuwashusha awatie alama masikioni, kesho, kesho, na leo wameshushwa, basi ashukuriwe Mungu. Akaenda kumwita mwanawe aje na kisu. Nami kwa muda wote uliobaki kijijini nilisalimiwa kwa mlio wa mbuzi.

Jumapili iliyofuata Mama Yani alipanda ngazi za kanisa. Sikuingia, nilisimama chini uwanjani nikasema bismillahi kwa kila ngazi. Alipofika juu aligeuka akanipungia mkono mtupu. Stavros alilia tena, akambusu, akaagiza kahawa kwa kila aliyekuwepo. Nikamsikia akisema kwa sauti ya furaha kabisa kwamba kesho watakwenda kuulizia meli. Kesho yake upepo ulikuwa mkali, meli hazikuja. Kesho nyingine ilikuwa sikukuu ya mtakatifu wa kijiji jirani, watu wakacheza mpaka jua likachomoza, na aliyekesha haulizii meli. Kisha zeituni zikaiva, na nani atazivuna dada akiondoka? Kisha mtu wa ofisi ya tiketi alikuwa ameenda kwa mamake. Hakuna siku hata moja ambayo mtu alisema hapana. Hapa kwetu anayetaka kukunyima anakunyima, unajua umenyimwa, mnagombana, mnapatanishwa. Kule nilikuwa napigana na mto wa pamba. Barua ya chuo ilikuwa imekuja kuniambia siku ya kuripoti, na bado tulikuwa tunakaa kwenye meza ya ndimu tukimenya machungwa.

Siku moja mchana, wakati kijiji kizima kimelala, nilikuwa nafua nyuma ya jikoni nikamsikia mke wa Stavros anamuuliza kwa nini hamwambii Anna ukweli, kwamba hataki aende. Kigiriki changu wakati huo kilikuwa kinatosha. Stavros akamjibu. "Nikimwambia hapana, ataondoka," alisema. "Nikimwambia kesho, atakaa." Niliacha nguo kwenye povu. Nilimkuta Mama Yani chumbani, kitandani, akiwa ameanza kukunja nguo zangu tu, zake hazipo. Nikamweleza yote kwa pumzi moja, nikamwambia twende leo, miguu unayo, mimi nitabeba mizigo yote, hata kwa miguu tutafika bandarini. Yeye aliendelea kulainisha dera langu kwa kiganja.

"Najua, Halima. Yeye ni ndugu yangu, mimi namjua."

"Sasa kama unajua unangoja nini?"

"Mama yetu alikufa hapa akiniita. Baba pia. Huyu ndiye aliwafunga macho, peke yake, na mimi niko Isiolo napika mkate. Miaka yote hiyo alikuwa anaenda kwa bandari kuangalia kama nimekuja." Akalikunja lile dera. "Mimi siwezi kutoka kwa mlango wa mzee analia. Nikitoka hivyo, hiyo safari itakuwa na laana. Lakini wewe hauna ndugu hapa. Wewe enda, usipoteze shule."

"Na Yani?"

Hapo ndipo alipolia, mara ya pekee niliyoiona. Alishika mikono yangu yenye povu. "Yani asikae bila mtu. Wewe mpelekee maji. Na umwambie mama yake anakuja." Kisha akajipangusa, na nadhani hakusikia alichokiongeza, alikuwa ameshazoea lugha ya nyumba ile. "Mwambie anakuja kesho."

Bandarini alikuja kunisindikiza bila fimbo. Stavros alibeba sanduku langu mwenyewe, akanipa chupa ya asali, na hakuweza kuniangalia usoni. Meli ilipong'oa nanga nilisimama kwenye chuma kilekile, nikaita kwa nguvu zangu zote, "Mama Yani," mbele ya kaka yake na bandari nzima. Akanipungia mikono miwili. Nilifurahi kwamba walisikia.

Nilirudi, nikasoma, nikaolewa, nikazaa, nikaitwa kwa jina la mwanangu. Na Jumapili, nisipokuwa zamu, nilikwenda makaburini na jerikeni. Mtu akiniona Mwislamu nimesimama kwenye kaburi la Mkristo alidhani nimepotea, kisha watu wakazoea. Nilimwagilia mwarobaini na kusema kama nilivyotumwa, "Yani, mama yako anakuja kesho." Mwanzoni niliyasema kwa uchungu. Kisha ikawa kama salamu. Mwarobaini haukuhitaji tena maji yangu, mizizi yake imeshafika mbali, lakini ujumbe haukuwa wa mti. Halafu Irini akapiga simu hospitalini. Mama Yani alikuwa amefariki majira ya baridi, usingizini, katika kile chumba cha dari ya matete. Jumapili iliyofuata nilisimama pale sikujua niseme nini. Kumwambia mtoto kesho ningekuwa namdanganya, na kumwambia ukweli mdomo ulikataa. Nikamwaga maji nikaondoka, na tangu siku hiyo nimekuwa nikienda kimya.

Kungoja kumekwisha sasa. Irini alifika jana alasiri, mvi zimemjaa, na jua la Isiolo limempaka uso wekundu. Hakutaka chai kwanza. Alifungua begi lake akatoa kisanduku cha mbao, urefu wa mkono, akakiweka juu ya meza niliyoihamisha na kuirudisha. Akaeleza taratibu. Kule kwao, maiti akishakaa ardhini miaka kadhaa, wanamfukua, wanaosha mifupa kwa mvinyo, wanaiweka kwenye sanduku ndani ya chumba cha kanisa. Shangazi alikuwa amekaa kwenye rafu ya chumba kile miaka mingi. Stavros alipokuwa anaaga dunia, alimwita binti yake akamwambia, mpeleke Anna kwa mtoto wake, nimemkalisha vya kutosha. Karatasi zote zilikuwa na mihuri. Rukia alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe, akasema astaghfirullah kwa sauti ndogo. Kwetu aliyezikwa haguswi, na sitasema kwamba moyo wangu haukushtuka. Lakini nilikiangalia kile kisanduku, nikamwona mwanamke anayevuka ua na ufagio. "Mama," Rukia akaniuliza, "sasa huyo atalala wapi?" Nikasema atalala chumba cha wageni kama mgeni yeyote aliyetoka safari, na nikatandika shuka safi.

Leo asubuhi tulikwenda. Katekista wa kanisa la karibu alisoma sala fupi, na vijana wawili walichimba upande wa kaburi chini ya mwarobaini, wakikimbizana na jua, majembe yanagongana. Nikawaambia wachimbe polepole. Irini aligeuka akanitazama, akatabasamu, kwa sababu alikuwa amenijua nikiwa msichana. Udongo uliporudishwa nilichukua jerikeni nikamwaga maji pande zote mbili. "Yani," nikamwambia, "mama yako amekuja." Irini aliuliza kama turudi nyumbani, jua limekuwa kali. Nikamwambia bado kidogo, nikakaa chini mchangani.